Mfuko Uliotoka Shimoni

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Vitalia alitumwa dukani. Duka lilikuwa moja tu, duka la ujamaa, lililojengwa kwa nguvu za wanakijiji wenyewe. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu waache nyumba zao zilizotawanyika vilimani na kuja kukaa pamoja katika kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ukata, penye zahanati.

Kwenda dukani siku hizo kulikuwa na taratibu zake. Ukitaka mafuta ya taa, unabeba chupa. Ukitaka chumvi, unabeba kibuyu au kitambaa kisafi. Usipa, wale dagaa waliopandishwa na akina mama wa Kinyasa kutoka ziwani, walifungwa katika jani la mgomba, na vyote vikaingia kikapuni. Aliyekwenda bila chombo alirudi mikono mitupu, maana Ndugu Hyasinti, muuza duka, hakuwa na hata karatasi ya kufungia.

Vitalia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikichukia kikapu cha kwao kama dawa ya minyoo. Kilikuwa kikapu cha mianzi alichokisuka mama yake, Kunigunda. Kilikuwa kipana na imara, lakini kilikuwa kimeshiba harufu ya usipa wa miaka mitatu. Zamani hakuijali harufu hiyo. Alianza kuijali siku mwanafunzi mwenzake, Walburga, alipoletewa na mjomba wake dereva mfuko wa nailoni kutoka Songea. Ulikuwa mweupe, laini, na ulionyesha kila kilichomo ndani. Siku hizo, kule milimani, mfuko wa nailoni ulikuwa kitu cha kutazamwa. Walburga aliutembeza kijijini hata siku ambazo hakuwa na cha kutia ndani.

"Vitalia," alimwambia siku moja mbele ya wasichana wenzao, "wewe ukipita, hata paka wanajua leo kuna kitoweo."

Wasichana walicheka mpaka wakashikana mabega. Vitalia naye alicheka, lakini moyoni aliungua.

Baba yake, Mzee Placidi, alikuwa kiongozi wa kikosi cha kupulizia dawa kahawa ya kijiji. Dawa ile ya kuua wadudu ilikuwa unga mweupe, nayo ilikuja katika mifuko ya nailoni. Bwana shamba alikuwa ametoa amri kwa kidole juu: mfuko ukiwa mtupu ufukiwe siku hiyo hiyo, chini sana, na mtu yeyote asiuguse tena. Alhamisi hiyo kikosi kilimaliza kazi jioni, mvua ikiwapiga. Usiku ulipoingia, Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumbani kwao na kuuliza mlangoni kama kazi imekwisha.

"Imekwisha, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Mzee Placidi. "Mifuko tumeifukia yote."

Siku ya pili yake Vitalia alipita nyuma ya ghala akitafuta kuni. Huko mteremkoni kulikuwa na mashimo ya ngoro, kama yale ambayo Wamatengo wote huchimba mashambani mwao ili udongo usichukuliwe na maji. Ndani ya shimo moja aliiona mifuko tisa. Hakuna aliyekuwa ameirudishia udongo hata kiganja kimoja. Mmoja ulikuwa juu ya mingine, mzima, unang'aa kwa maji ya mvua.

Alisimama akiutazama kwa muda mrefu. Alijua ni mfuko wa nini. Kulikuwa na picha nyekundu ya fuvu la kichwa cha mtu, na hata asiyejua kusoma aliijua maana yake. Lakini shetani hakosi neno la kukwambia. Mfuko ambao baba amekwisha kusema umefukiwa, alijiuliza Vitalia, nani atautafuta?

Akauchukua. Akashuka nao kijitoni, chini ya ghala, akausugua kwa majivu na mchanga mpaka lile fuvu likafutika. Akaunusa. Haukunuka kitu. Akauanika kichakani, na jioni ukawa mweupe kuliko wa Walburga.

Jumamosi hiyo duka lilikuwa limepata gunia la sukari, na sukari wakati huo ilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Kila nyumba ilipewa nusu kilo. Vitalia alipofika mbele ya foleni akaukunjua mfuko wake, na macho yote yakamgeukia. Hata Walburga alisogea kuutazama.

"Mfuko huu umeutoa wapi, binti?" aliuliza Ndugu Hyasinti, akiushika kwa vidole viwili.

"Nimeletewa na shangazi kutoka Songea," alisema Vitalia.

Hyasinti akaimimina sukari. Nyumbani mama yake naye alimwuliza, na Vitalia, akihofu kwamba shangazi anaweza kuulizwa, akasema amepewa na Walburga. Mama akaihamishia sukari katika kopo, akamrudishia mfuko. Uongo ulikuwa umekwisha kuzaa mtoto, na jua lilikuwa halijafika utosini.

Jumapili wazazi walikwenda kwenye Misa. Vitalia aliachwa nyumbani amwangalie mdogo wake, Egidi, mtoto wa miaka mitatu, mnene wa mashavu na mwepesi wa kulia. Alimnywesha uji. Egidi akalilia sukari zaidi. Kopo lilikuwa juu darini, na mama alikuwa amekataza lisiguswe. Ndipo Vitalia alipokumbuka kwamba katika pembe za mfuko, pale nailoni ilipokunjwa na kuunganishwa, kulikuwa na punje nyeupe zilizonasa.

"Basi, nyamaza," alimwambia. "Lamba hizi."

Egidi akaupindua mfuko, akaingiza ulimi katika mikunjo.

"Chungu!" alisema, akakunja uso.

"Sukari iwe chungu! Una wazimu wewe," alisema Vitalia, akacheka. Egidi, kwa kuwa dada yake alicheka, naye akacheka, akaendelea kulamba.

Wazazi walipokuwa wanarudi kutoka kanisani walimsikia Vitalia akipiga kelele tangu njiani. Egidi alikuwa amelala sakafuni. Mate yalimtoka mfululizo kama chemchemi, jasho limemlowesha shati, na miguu yake midogo ilikuwa ikitetemeka yenyewe. Alikuwa ametapika mara tatu. Mama alimnyanyua, akamwita jina, akamwita tena. Mtoto hakumtazama.

"Amekula nini?" aliuliza baba.

"Uji," alisema Vitalia.

"Uji tu?"

"Uji tu, baba."

Mzee Placidi hakuuliza tena. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, kama mwanamke, bila kujali nani anamwona, akaishika njia ya kwenda zahanati. Mama alimfuata akikimbia. Vitalia alikimbia nyuma yao na kibuyu cha maji. Kabla ya kutoka aliuchomeka ule mfuko katika nyasi za paa la jiko, mahali ambapo mtu hawezi kuuona.

Njia ile ya saa mbili, siku hiyo ilikuwa haiishi. Walipanda kilima, wakashuka, wakavuka mto, na mbele kilisimama kilima kingine. Mvua za siku zile zilikuwa zimeufanya udongo kuwa utelezi. Mara mbili baba alianguka kwa magoti, na mara zote mbili aliangukia mbele ili mtoto asiumie. Vitalia aliyaona mate ya Egidi yakichirizika kwenye shati la baba. Alikisikia kifua chake kikikoroma kwa kila pumzi. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Lakini nikisema, baba atajulikana kwamba alimdanganya Mwenyekiti. Nikisema, nitaambiwa nimemwua mdogo wangu. Labda ni malaria tu. Ee Mungu, ifanye iwe malaria.

Alitembea akiomba mdogo wake awe na malaria. Ndiyo hali aliyokuwa amefikia.

Mganga wa zahanati aliitwa Ndugu Shehoza, mtu wa Korogwe aliyehamishiwa huku mwaka uliotangulia, na ambaye kwa baridi ya milimani alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Aliwatoa wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri, akamlaza Egidi kitandani.

"Ameanza lini?"

"Leo, mganga. Tumetoka kanisani tumemkuta hivi," alisema mama.

"Amekula nini? Uyoga? Mizizi ya porini?"

"Uji tu wa mahindi. Dada yake alikuwa naye."

Mganga alimtazama Vitalia. Vitalia aliinamisha kichwa, na mganga akadhani ni haya. Mtoto alikuwa akitetemeka, ametapika, hajitambui, na msimu ulikuwa wa mbu. Akamchoma sindano ya malaria. Wakakaa wakisubiri.

Dakika zilikwenda, na maji yakazidi unga. Midomo ya Egidi ilianza kugeuka rangi. Akawa anavuta pumzi moja, anakaa kimya, kisha anavuta nyingine. Kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kile kilichotangulia. Mama Kunigunda alikuwa amepiga magoti sakafuni na rozari yake, lakini vidole vilikuwa haviendi popote, vimeng'ang'ania punje ile ile moja.

Ndugu Shehoza alisimama, akafuta paji la uso wake.

"Mama," alisema taratibu, "mwombe Mungu, nami ninamwomba. Nimempa nilichonacho, na hakimsaidii. Sijui kinachomwua mtoto huyu."

Mama alitoa sauti ambayo Vitalia hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Mimi ninajua!" alisema Vitalia.

Wote wakamgeukia.

"Alilamba mfuko. Mfuko wa dawa ya kahawa. Niliuokota shimoni nyuma ya ghala, nikaenda nao dukani, nikatilia sukari. Nilimpa mimi aulambe. Alisema ni chungu, nikamcheka."

Mganga alikuwa amekwisha kurudi kitandani. Alilifungua jicho la Egidi kwa kidole gumba, akaagiza taa isogezwe. Mboni ya jicho ilikuwa imesinyaa, ndogo kama punje ya ulezi.

"Hapana," alisema Mzee Placidi. Uso wake ulikuwa umekauka. "Mganga, huyu mtoto amechanganyikiwa kwa hofu. Mifuko ile ilifukiwa. Niliifukia mimi mwenyewe. Nilimwambia hata Mwenyekiti."

"Baba, haikufukiwa! Ilikuwa tisa. Ilikuwa na fuvu jekundu. Nililisugua kwa majivu mpaka likafutika!"

"Nyamaza, Vitalia!"

Ndugu Shehoza alisimama katikati yao. Hakupaza sauti.

"Ndugu Placidi, nisikilize vizuri. Katika kabati lile nina dawa inayopambana na sumu ya namna hiyo. Nina vichupa sita tu. Nikimchoma mtoto ambaye hakula sumu, dawa hiyo yenyewe inaweza kumwua. Nikiacha kumchoma aliyekula sumu, anakufa hapa mbele yetu. Jicho hili peke yake halinitoshi. Mmoja kati yenu wawili hasemi kweli, nami sina muda wa kuita baraza. Ni nani?"

Egidi alivuta pumzi, halafu akawa kimya. Walisubiri. Alikuwa bado kimya.

"Baba Vitalia!" mama alipiga kelele. "Umeifukia au hukuifukia?"

Mzee Placidi alimtazama mwanawe wa kiume, kisha akamtazama binti yake. Akaketi chini pale pale kwenye saruji.

"Sikuifukia," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisema nitaifukia kesho. Anasema kweli. Mchome, mganga. Mchome mwanangu."

Sindano ya kwanza ilimwingia kabla hajamaliza kusema. Mganga aliupanua mdomo wa mtoto, akaondoa mate kwa kitambaa, akambonyeza kifua. Baada ya muda akamchoma ya pili. Baada ya ya tatu, ile mito ya mate ilianza kupungua. Mama alikuwa wa kwanza kuona kwamba midomo inarudiwa na rangi. Aliogopa hata kushukuru.

"Binti," alisema mganga bila kuinua kichwa, "mfuko huo uliuoshea wapi?"

"Kijitoni. Chini ya ghala. Sasa nimeuficha katika paa la jiko."

"Na watu wanachota maji wapi?"

Nusu ya kijiji ilichota maji chini ya pale. Mzee Placidi akainuka.

"Ninarudi," alisema. "Jua bado lipo kidogo."

"Utawaambia nini?" aliuliza mkewe.

"Nitawaambia nilichofanya."

Akatoka akikimbia, shati lake likiwa bado limelowa mate ya mtoto.

Kulipopambazuka vichupa vitano vilikuwa vimekwisha, na kimoja kimebaki. Egidi alikuwa anapumua peke yake. Alifungua macho, akamtazama mama, akaomba maji kwa sauti ya kukwaruza. Ndipo Mama Kunigunda alipolia, kilio cha kweli sasa, akimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja na Vitalia kwa mwingine. Vitalia hakujua kama anastahili mkono ule. Aliushikilia hivyo hivyo.

Baba yao alifika jua likiwa limechomoza, matope yamempanda mpaka magotini. Alikuwa amegonga chuma cha rimu ya gari kinachotumika kuitia mkutano, watu wakaja, naye akasimama mbele yao na kusema yote. Watu waliacha kuchota kijitoni, wakaanza kuteka kwenye chemchemi ya juu. Wanaume walilifukia shimo la ghala kwa mwanga wa mienge, pamoja na ule mfuko uliofichwa katika paa la jiko, na kopo la sukari na sukari yake. Mwenyekiti alimvua Mzee Placidi uongozi wa kikosi mbele ya watu wote, na hakuna aliyemtetea. Yeye mwenyewe hakujitetea.

Vitalia alipomwona baba yake mlangoni alipiga magoti.

"Shikamoo, baba," alisema, akasubiri fimbo.

"Marahaba." Mzee Placidi akamwinua. "Mimi na wewe, nani amchape mwenzake? Ulichukua ulichokatazwa, ukasema uongo. Nami niliacha nilichoagizwa, nikasema uongo. Lakini wewe ulisema kweli kabla yangu. Hilo sitalisahau, na nina aibu nalo."

Ndugu Shehoza alikuwa akinawa mikono kwenye beseni. "Wazee walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema. "Jana kilio kilikuwa kimefika mlangoni kabisa. Binti, ungesema mlipofika, mdogo wako asingefika pale alipofika. Ungesema saa moja baadaye, ningekuwa ninawapa sanda. Kumbuka yote mawili."

Vitalia aliyakumbuka yote mawili maisha yake yote.

Mkutano wa kijiji ulikata shauri: dukani hakuna kupimiwa kitu katika mfuko wa nailoni, uwe wa nani na utoke wapi. Kila mtu aje na chombo chake. Walburga alinuna siku mbili, kisha akaonekana foleni na sufuria ya mama yake kichwani, na hapakuwa na aliyemcheka.

Mwezi uliofuata, Jumamosi moja, Vitalia alikuwa foleni pamoja na baba yake. Mbele yao alisimama mwanamke kijana, mke wa mwalimu mpya aliyehamia kutoka Chiwanda, na mtoto mchanga mgongoni. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, mkubwa, wa aina ile iliyokuwa ikija na mbolea.

"Siwezi kukupimia humo, mama," alisema Hyasinti. "Ni sheria ya kijiji."

"Sheria gani hiyo?" Mwanamke alikasirika. "Kwani una nini mfuko wangu? Nimeuosha kwa sabuni mara mbili. Mtaniaibisha mbele za watu kwa sababu sina kikapu?"

Wengine foleni walimtazama Vitalia, kisha wakaangalia pembeni. Uso wake ulimwaka moto. Alitamani kuondoka. Mkono wa baba yake ukamgusa bega.

"Mwanangu," alisema Mzee Placidi kwa sauti ndogo, "aibu ya kubeba kikapu huishia njiani, ukifika nyumbani unaisahau. Aibu ya kusema kweli nayo inachoma, ninaijua, lakini huishia siku ile ile uliyosema. Iliyo mbaya ni ya tatu, ya mtu aliyenyamaza na mtoto wa mwenzake akazikwa. Hiyo haiishi. Nenda kamwambie."

Vitalia akatoka kwenye foleni. Alimtazama kwanza yule mtoto mgongoni, aliyekuwa akinyonya kidole chake.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi pia niliuosha wangu."